Pumzi za Mayige

Violeth alikisikiliza kile kipande cha video, akavua hedifoni, akazipangusa kwa khanga, akazivaa tena. Upepo ulisikika. Mbuzi wa jirani walisikika. Pumzi za mumewe hazikusikika.

Kikundi chao kilitengeneza filamu za ngumi pale Bariadi, na kazi ya kuhariri ilikuwa ya Violeth, mezani kwake chumbani. Ngumi zenyewe hazikumgusa mtu. Zilipita pembeni, kisha Violeth akapiga gunia la pamba kwa mwiko na kuiweka sauti hiyo mahali pake. Lakini kwanza alilazimika kukata pumzi za Mayige, maana mumewe akirusha teke moja tu alihema kama ng'ombe wa kulimia, na kila pumzi iliishia kwa mluzi mwembamba puani, tangu alipovunjika pua utotoni.

"Baba, nusu ya filamu ni pua yako," alizoea kumtania.

Sasa Mayige alikuwa amepigana na watu sita mfululizo, na hakuhema.

"Labda maiki mbovu," alisema Joakim, mwongozaji wao, kwenye simu.

"Maiki imesikia mbuzi walio mbali, shemeji. Itakosaje kumsikia mtu aliye mbele yake?"

Joakim akauliza polepole, "Ni tangu lile kaburi, siyo?"

Walikuwa wamekwenda Mwamapalala, kwa Ng'washi, bibi yake Mayige, kurekodi mazishi ya shujaa. Walichimba kaburi la kweli, Mayige akalala ndani. Wanawake wa kijiji walilia vizuri mno, wakimwita kwa jina lake mwenyewe, kwa kuwa katika filamu zao kila mtu alitumia jina lake. Jua likazama kabla hawajamaliza. Bibi akaja akiburuta gogo.

"Kaburi halilali wazi, wajukuu zangu. Lazeni hili badala ya mtu, mfukie."

"Bibi, kesho tunalihitaji," alisema Joakim. "Tukifukia, udongo hautafanana na wa leo."

"Nani atautazama udongo?"

"Watazamaji, bibi."

"Basi watazame," alisema Ng'washi, akaondoka.

Kaburi likalala wazi. Asubuhi Mayige alishuka tena, akakaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akapanda akitabasamu, na mgongoni hakuwa na vumbi.

Tangu hapo nyumba ilinuka udongo uliochimbwa sasa hivi, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha, na harufu ilitoka kwenye mto wa kitanda, kwenye shati lake, hata kwenye ugali alioumega. Halafu, wakirekodi, ngumi ya Mayige ilipita mbali na uso wa Marcelo, mwigizaji mwenzake, lakini mlio wa ngumi ukasikika hapohapo, kabla Violeth hajagusa gunia lake la pamba, na Marcelo akapiga magoti akitema jino, huku Mayige akimtazama kwa upole kama mtu anayesubiri kuambiwa arudie.

Violeth akamfuata mganga Malimi.

"Mwadila, baba," alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu." Alimsikiliza mpaka mwisho. "Shimo liliitiwa jina, likanyimwa mtu. Jini limeitikia. Lipeni gogo, mfukie. Mtu asiseme, asigeuke nyuma."

Kesho yake saa sita mchana, yeye, Malimi na Joakim walikuwa Mwamapalala. Shimo lilikuwa bado wazi, tupu. Violeth alichungulia mwenyewe. Walilaza gogo lililovishwa sanda, na kwa kuwa yeye ndiye mke, alitupa udongo wa kwanza. Upepo ulivuma masikioni mwao mpaka kazi ikaisha.

"Sasa atarudi," alisema Malimi.

Na nyumbani Mayige alikuwa mlangoni, anakula michembe ya viazi vitamu. "Mke wangu, umetoka kulima?" alicheka, akainuka kumpokea mfuko, na alipoinuka akahema. Violeth alilia kwa furaha.

Jua lilikuwa linazama Joakim alipopiga simu.

"Shemeji, usimwambie mzee Malimi. Niliacha maiki imewashwa ukingoni mwa shimo. Sauti ya udongo ule tusingeipata tena. Nimekutumia."

Violeth akavaa hedifoni. Alisikia udongo wake mwenyewe ukianguka, wa kwanza, na chini yake, mbali, mtu alishtuka na kuanza kuhema, haraka haraka, kama ng'ombe wa kulimia, na kila koleo lilipomwaga udongo pumzi zile zilizidi kuwa fupi na zilizidi kuja, na kila moja iliishia kwa mluzi mwembamba, na koleo la mwisho lilipokwisha bado zilikuwepo, nyembamba kama uzi, mpaka Joakim alipoiinua maiki.

Akajaribu kusimama. Mkono mzito ukamkalisha taratibu, na chumba kikajaa harufu ya udongo.

"Zikate hizo pumzi," alinong'ona Mayige, "kama ulivyozoea."