Hirizi Aliyofungwa Mwanangu

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Msambweni. Mwanangu Omari nilimpata baada ya kuzika watoto wawili. Niambieni, wasomaji wenzangu, ningeachaje kumhangaikia?

Uhuru ulikuwa bado mchanga. Serikali ilileta wataalamu wakapiga kambi kwenye kilima cha Mrima, penye mawe yanayotoa miali isiyoonekana. Walikuwa wakijaribu kisanduku kinacholia mtu akitoka kambini na vitu vyenye miali hiyo, visije vikaibwa vikatengenezewa mabomu. Mlinzi wa langoni alikuwa mume wa Mejumaa, somo yangu, aliyenifunda nilipoolewa. Nilimwamini kuliko mama yangu mzazi!

Basi Mejumaa akaniletea hirizi ya Omari, imeshonwa kwa ngozi nyeusi. Akasema, "Mvishe, somo, wala usiifungue, utaiharibu." Nani kwetu hufungua hirizi? Nilimbusu mikono, nikamshukuru.

Haukupita muda, mtoto akawa mwekundu kifuani, ngozi ikachubuka kama aliyemwagiwa uji wa moto. Akatapika. Nywele zikanyonyoka... Nami, jamani, nilidhani ni husuda za watu. Kila alipozidi, niliikaza hirizi ile! Kwa mikono yangu hii hii!

Kisha wataalamu wakaja kupita nyumba kwa nyumba na kisanduku chao. Kijichuma chao cha kufanyia majaribio, chenye miali ile, kilikuwa kimepotea. Kwa Mejumaa kisanduku kilinyamaza. Kwangu kililia, na kilizidi kulia kilipomkaribia Omari. Wakaikata hirizi kwa wembe. Ndani hamkuwa na aya hata moja, bali kile kijichuma, kidogo kama punje ya mtama!

Kumbe mlinzi alikizima kisanduku, akaiba kile kijichuma apate kukiuza Mombasa. Mkewe naye akatafuta pa kukificha, mahali ambapo mtu wa kwetu asingethubutu kupekua. Nilimuuliza mbele ya majirani, "Somo, mwanangu alikukosea nini?"

Akainamisha kichwa. "Nilidhani ni kwa siku chache tu."

Siku chache! Laana!

Omari alifia hospitalini, mapajani pangu, akilia nimwondolee kitu kinachomchoma, na hirizi ilikuwa imeshatolewa zamani...

Akina mama, nawasihi kwa jina la Mwenyezi Mungu: msimfunge mtoto kitu msichokijua, hata akiwapa mnayemwamini vipi. Kifungueni! Akikasirika, na akasirike. Mimi niliona haya kufungua hirizi ya somo yangu, na leo sina mtoto wa kumvisha hata kanzu ya Idi.