Chakula Kimeisha

Likizo ya Agosti, Brigid alikuwa akimsaidia mama yake katika hoteli yao ndogo katikati ya mji wa Eldoret, karibu na steji ya magari ya kwenda Soy. Asubuhi alipanga vikombe, mchana alibeba sahani, na jioni alifuta meza. Hoteli ilipaswa kufungwa saa kumi na mbili, lakini siku hizo mambo yalikuwa yamelegea. Kila ilipofika saa kumi na moja na nusu, mama akishatoka kwenda sokoni kununua mboga za kesho, viti vilipandishwa juu ya meza na deki ikaanza. Mteja aliyechungulia wakati huo aliambiwa neno moja tu: "Kimeisha."

Aliyemfundisha neno hilo ni Wasike, mpishi wao. "Ukikaribisha mmoja, watakuja kumi," alimwambia. "Sasa mimi nitatoka hapa saa ngapi?" Brigid hakubisha. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, na ikifika jioni miguu ilimuuma kwelikweli.

Jumamosi moja alikuwa na haraka zaidi. Mazoezi ya kwaya kanisani kwao mtaani Munyaka yalianza saa kumi na mbili, na mwalimu alikuwa ametangaza kwamba atakayechelewa hataimba Jumapili. Brigid alipiga deki huku jicho moja likiwa kwenye saa. Ndipo mzee mmoja mwenye koti la kijivu akasimama mlangoni.

"Msichana wangu, nipatie ugali na chochote kilichopo, lakini haraka," mzee alisema. "Mimi ni mgonjwa wa sukari. Nimeshajidunga sindano ya kushusha sukari nikijua nitakula hapa."

Brigid alisikia vizuri kabisa. Akatupa jicho jikoni. Ugali ulikuwa umefunikwa, na sufuria ya maharagwe ilikuwa bado ikitoa mvuke. Akaitazama saa tena.

"Chakula kimeisha, Mzee."

"Hata chai?"

"Hata chai."

Mzee alishusha pumzi, akageuka na kuondoka polepole. Brigid akaendelea na deki yake, ila moyo haukutulia. Alijiambia kwamba hoteli ni nyingi mjini.

Robo saa baadaye alisikia kelele nje. Alipotoka, alimkuta mzee yuleyule ameketi chini kwenye veranda ya duka la jirani. Jasho lilimtiririka ingawa jioni ilikuwa ya baridi. Mikono ilimtetemeka, na kila alipoulizwa jambo alijibu maneno yasiyoeleweka.

"Wachaneni na yeye, huyo ni mlevi tu," alisema Johnstone, mwendeshaji wa boda boda. "Wacha alale hapo, pombe itamtoka." Watu wakacheka.

Mama yake Brigid alifika wakati huohuo na kikapu cha sukuma wiki. "Ni nini hapa?" akauliza.

Kati ya watu wote pale, ni Brigid peke yake aliyejua kwamba mzee hakuwa amelewa. Lakini akisema hivyo, ataulizwa amejuaje, na aibu yote itamwagika mbele ya umati. Akamwona mzee akiegemea ukuta, macho yakianza kujifumba. Hofu ikamshika, kubwa kuliko aibu.

"Mama, hajalewa!" alipiga kelele. "Ni mgonjwa wa sukari! Alijidunga sindano akaja kula kwetu. Nilimwambia chakula kimeisha, na hakikuwa kimeisha!"

Kicheko kilikatika. Mama alimtazama mara moja tu, kisha akatupa kikapu chini. "Wasike! Leta chai, weka sukari nyingi! Kimbia!"

Wasike alikuja mbio na kikombe. Mama akamshika mzee mgongoni. "Mzee, unanisikia? Meza kidogo kidogo." Chai ya kwanza ilimwagika kwenye koti. Ya pili akaimeza. Johnstone aliwasha pikipiki akae tayari kwenda hospitali. Brigid alisimama akilia, akiomba kimoyomoyo.

Baada ya dakika kadhaa, mzee alifumbua macho na kutazama watu kwa mshangao. Alipoweza kusimama walimwingiza hotelini, wakamteremshia kiti na kumpakulia. Jina lake lilikuwa Mzee Kigen, na alikuwa amekuja mjini kununua dawa.

"Nisamehe, Mzee," Brigid alisema huku kamasi zikimtoka.

"Nilikuamini, mtoto wangu," Mzee Kigen alijibu. "Nikaenda kutafuta kwingine, nguvu zikaniishia njiani. Lakini pia nimeambiwa ni wewe uliyesema ukweli wakati wengine walinicheka. Nimekusamehe."

Wasike aliinamisha kichwa. "Mama Brigid, ni mimi niliyemfundisha."

"Na wewe tutaongea," mama alimjibu. Kisha akamgeukia binti yake, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko Brigid alivyotarajia.

"Anayekuja dakika ya mwisho hajaja kukusumbua. Njaa yake ni sawa na ya yule aliyekuja saa sita mchana. Ukichoka, niambie. Ukitaka kwenda mahali, omba ruhusa. Lakini usimdanganye mtu aliyekuja kwako na shida, kwa sababu hujui amebeba nini. Leo Mungu ametupa nafasi ya kurekebisha. Si kila uongo hupata nafasi hiyo."