Sauti ya Mama na Spika za Sifa

Asubuhi ile mama alikuwa amekaa nyuma ya nyumba yetu ya Kalangalala, hapa Geita, akipepeta dengu na kuimba kwa sauti ya chini. Baba alikuwa sebuleni akinywa uji. Baba yetu, mzee Januari, haoni. Macho yalimpotea tukiwa bado wadogo, na hujua kila mtu alipo kwa kusikiliza. Wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Baba akaweka kikombe chini, akaniita.

"Rebeka, hebu mwangalie mama yako."

Nilimkuta ameegemea ukuta, dengu zimemwagika miguuni. Kiharusi hakikutupa nafasi ya kufika hospitali.

Ndugu zangu mnaosoma, naandika ili nisimsahau, na ili nyumba nyingine isimpoteze mtu wake mara mbili kama yetu.

Kaka yangu Festo ana studio katika chumba cha uani. Alipokuwa akiianza, alikwenda kununua spika Nyasubi, kule Kahama, pamoja na mwalimu Bartholomeo anayefundisha kwaya ya parokia yetu na kuirekodi. Fedha yake ilitosha jozi moja tu: ama spika ndogo za studio, nyeusi, zisizo na mbwembwe, ama spika kubwa za muziki, zenye taa na besi nzito. Mwalimu alimshauri achukue ndogo.

"Hizi hazikupambi," alimwambia. "Ukikosea, zinakuambia."

Festo alicheka. "Mwalimu, hizo ni za kusikilizia taarifa ya habari. Studio isiyotikisa mabati, nani wa machimboni ataiamini?"

Akarudi na kubwa. Kweli mabati yalitikisika, na vijana wa mashimoni walisimama nje wakimwita prodyuza. Waliopata dhahabu wakaanza kuja kurekodiwa nyimbo za kujisifu.

Ndipo mama naye akaomba arekodiwe wimbo mmoja tu, aliouimba tangu usichana wake kijijini Songwa. Alisema akitangulia yeye, mzee awe na kitu cha kusikiliza.

Mama alikuwa na sauti nzito. Katika spika zile ilivuma kupita kiasi, kwa sababu spika za namna hiyo huongeza besi hata pasipohitajika. Festo akadhani kasoro ni ya sauti. Akaikata besi, akaikata tena, mpaka masikio yake yakaridhika. Kisha kompyuta ilipojaa, akafuta sauti halisi ili apate nafasi ya kazi za wateja.

Siku moja niliufungulia wimbo ule kwenye simu yangu. Mama alisikiliza kwa makini, halafu akauliza kwa upole, "Huyu binti ni nani?"

Nilimweleza Festo, akasema simu yangu ni mbovu. Mama mwenyewe akamwomba warudie kurekodi.

"Kesho, mayu," akamjibu, kwa heshima kabisa, akimwita mama kwa Kisukuma kama tulivyozoea. Kesho ikawa na mteja. Keshokutwa nayo vilevile.

Siku ya mazishi, chini ya turubai, Festo aliuweka wimbo kwenye spika za kukodi ili baba ausikie. Ikatoka sauti nyembamba, kavu, kama mtu anaimbia ndani ya kopo. Baba alitega sikio, akasubiri, kama anayengoja mtu aingie mlangoni. Ubeti wa pili haukwisha.

"Zima, mwanangu," alisema. "Ninyi mmebaki na picha zake. Mimi nilikuwa na sauti tu, na hii si yake."

Festo alikaa chini palepale vumbini, akalia mpaka wanaume wakaja kumwinua.

Funzo

Jamii yetu inapenda mno kusifiwa. Tusichague kinachotupamba tukaacha kinachotuambia ukweli, iwe ni spika au ni mtu. Na mzazi akiomba jambo dogo, lifanyike siku hiyohiyo. Mteja atarudi, mzazi hana ahadi hiyo.

Festo ameuza zile kubwa, amenunua ndogo. Alipousikiliza wimbo humo, alisikia wazi alichokiondoa. Amejaribu kukirudisha, hakirudi.

Baba akiamka asubuhi, asiposikia wimbo, huuliza nani yuko jikoni. Namjibu, "Ni Rebeka."