Kifungo Aliporudi Nyumbani

Dada wawili waliishi chumba kimoja na kushona nguo barazani. Mkubwa alikanyaga cherehani, watu wakamwita Fundi. Mdogo alishona vifungo, wakamwita Kifungo. Yeye ndiye aliyechekesha wateja.

"Suruali haijabana, shemeji," alizoea kusema. "Ni wewe uliyenenepa."

Kisha rafiki yake alifariki kwa homa. Kifungo ndiye aliyemuuguza. Baada ya wiki moja, naye akashikwa na homa. Kichwa kilimuuma, viungo vikalegea, akaanza kutapika. Fundi alichukua kitambaa ampanguse.

"Usimguse, mwanangu."

Mlangoni alisimama mama mmoja, mhudumu wa afya wa mtaa. Alikuwa akiwatembelea wote waliomuuguza marehemu.

"Ni mdogo wangu huyu," Fundi alisema. "Nimwache hivi hivi?"

"Humwachi. Huenda hii ni ile homa kali inayoweza kumtoa mtu damu. Virusi vyake vimo katika damu, matapishi, jasho na choo cha mgonjwa. Hata maiti huambukiza, ndiyo maana haioshwi nyumbani. Nimeshapiga simu. Akiwahi hospitali, ana nafasi kubwa zaidi ya kupona."

"Dada, kaa huko huko," Kifungo alinong'ona.

Wahudumu waliovaa mavazi ya kinga walimchukua, wakapulizia chumba dawa. Vipimo vikaonyesha ni homa hiyo hiyo. Kwa kuwa Fundi alilala naye kitanda kimoja, aliambiwa abaki ndani wiki tatu, apimwe joto kila siku.

Wateja walikatika. Jirani alimletea chakula, akakiweka kizingitini, akabisha na kuondoka kabla mlango haujafunguliwa. Fundi alishona mabaki ya vitambaa, akayafumua, akayashona tena, asikie tu mlio wa cherehani. Kila jioni alijikuta akisema, "Kifungo, washa taa." Kisha aliinuka, akaiwasha mwenyewe.

Mhudumu peke yake ndiye aliyekaa. Aligeuza ndoo uani, akaketi mbali kidogo, wakazungumza.

"Watu wananikimbia, mama."

"Hawajui. Asiye na dalili haambukizi. Ukihisi homa tu, nipigie."

Homa haikuja. Wiki tatu zikaisha, na Kifungo naye akarudi, amekonda, nywele zimenyonyoka. Wapita njia walivuka upande wa pili. Siku nzima hakufanya utani hata mmoja.

Mhudumu alikuja na kitambaa cha gauni. Alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Aliyepona na kuruhusiwa na daktari, kumsalimia au kula naye hakukuambukizi. Nipime, binti."

Kifungo alimtazama dada yake. Fundi akampa futi.

Kifungo alimzungushia mhudumu futi kiunoni, polepole. Ng'ambo ya barabara, yule jirani wa chakula alikuwa amesimama anatazama. Kisha akavuka.

"Simama wima, mama," Kifungo alisema. "Ukivuta tumbo hivyo, gauni litakuumbua."