Mti wa Vitambaa wa Glenarrow

Haya yalimpata jirani yetu hapa Glenarrow, Dympna Geoghegan, na msiseme ni porojo za baa, kwa sababu Dympna hajawahi kunywa kitu kikali kuliko chai.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, na mvua ilikuwa imepumzika tangu alfajiri, jambo ambalo kwetu si dogo. Dympna alikuwa mwenyekiti wa kamati ya usafi ya kijiji, na wakaguzi wa mashindano ya vijiji nadhifu wangeweza kutokea wakati wowote bila kubisha hodi. Mwaka uliotangulia tulikosa ushindi kwa alama mbili. Barua ya wakaguzi ilisifu maua, ikasifu mabenchi, halafu ikataja matambara machafu yaliyoning'inia mtini kando ya maporomoko ya maji, yale ambayo watu huyafunga pale kuombea wagonjwa wao. Neno hilo lilimkaa Dympna kooni mwaka mzima.

Kwa hiyo asubuhi hiyo alichukua mkasi, glavu na mfuko wa takataka, akaenda na Mossie Hanrahan, mzee mmoja mbishi anayefyeka nyasi za kijiji. Walipofika maegeshoni, mwanzo wa njia ya msituni, Mossie akaketi juu ya ukuta wa mawe na kufungua chupa yake ya chai.

"Mimi mwisho wangu hapa, Daktari."

Dympna si daktari. Aliuza dawa dukani miaka thelathini, na Mossie alimwita hivyo kumchokoza.

"Yaani unaniacha niende peke yangu? Na uzee wote huo?"

"Uzee huu nimeupata kwa kutougusa mti ule."

"Mossie, ni takataka. Kuna soksi pale inanuka kuliko wewe."

"Iache inuke. Kitambaa kikioza na ugonjwa unaisha. Ukikitoa mapema, ugonjwa unaondoka nao wewe. Mama yako hakukufunza?"

"Mama yangu alinifunza kuoga," Dympna alisema, akaingia msituni huku anacheka. Mzaha mzaha, wahenga walisema, hutumbua usaha.

Njia ile haina ujanja. Unapanda kando ya mto chini ya mialoni, unafika kwenye maporomoko, unavuka daraja la mbao, unateremka upande wa pili na kutokea pale pale maegeshoni. Ni mwendo wa nusu saa. Mishale ya kijani kwenye miti waliichora kamati wenyewe. Hata mlevi hapotei.

Maporomoko yalikuwa yamejaa. Maji yalishuka meupe kwenye mwamba, na pembeni yake, juu ya chemchemi ndogo, ulisimama ule mti wa miiba. Matawi hayakuonekana kwa vitambaa. Kulikuwa na leso, bendeji, tai ya mwanamume, bibu ya mtoto mchanga na ukanda wa plastiki wa hospitali wenye jina lililofutika. Dympna alivaa glavu, akaanza kukata. Alikata bila kusita, kama mtu anayepogoa waridi.

Kwenye tawi la chini kabisa akakuta utepe wa manjano wenye nukta nyeupe. Mkasi ukasimama.

Utepe ule aliujua. Aliushona mwenyewe kwenye gauni la mjukuu wake, Sorcha. Sorcha ana miaka sita na alizaliwa na kifafa. Mganga hajigangi: Dympna aliyewapa dawa wagonjwa wa tarafa nzima alikuwa amekaa usiku mwingi akimshikilia mtoto yule anavyotetemeka, asijue la kufanya. Lakini tangu sikukuu ya Mtakatifu Patrick, miezi mitatu sasa, Sorcha hakuwa ameanguka hata mara moja. Dympna alizishukuru dawa mpya. Kumbe Gráinne, mama wa Sorcha na binti yake mwenyewe, alikuja hapa kimyakimya na kufunga utepe. Iliuma. Ni kama mtoto wako kwenda kuomba chakula kwa jirani wakati chungu kiko jikoni.

"Upuuzi," alisema kwa sauti.

Akaukata.

Akafunga mfuko, akavuka daraja, akateremka. Alipita benchi. Alipita mwaloni ulioanguka. Kishale cha kijani kilimwonyesha mbele, akafuata. Njia ikapinda, miti ikafunguka, na mbele yake kulikuwa na maporomoko.

Alisimama, akajicheka. Alidhani amegeuka bila kujua. Akavuka daraja tena, akapita benchi, akapita mwaloni. Akahesabu mishale: mmoja, wa pili, wa tatu. Kifua kikaanza kumwasha, na kikohozi kikamtoka, kizito, cha mtu aliyevuta sigara maisha yake yote. Njia ikapinda. Maporomoko.

Mzunguko wa tatu goti lake la kushoto lilikataa kukunjika. Wa nne, jicho moja likaingia ukungu. Mfuko uliokuwa mwepesi ulikuwa sasa unamvuta bega, na maji yalidondoka chini yake ingawa alikuwa ameweka vitambaa vikavu.

Aliacha njia. Akakata moja kwa moja kwenye makangaga, akiteremka, maana huko chini ndiko kijiji kilipo. Aliteremka muda mrefu. Ardhi ilishuka mbele yake kila hatua. Halafu akasikia maji, nayo yalikuwa chini yake, na alipotazama alikuwa amesimama juu ya mwamba wa maporomoko.

Bibi yake alimwambia zamani kwamba aliyepotezwa na ardhi hugeuza koti lake ndani nje, ndipo aione njia. Dympna alitazama huku na huku kwanza, asije akaonekana. Akavua koti, akaligeuza, akalivaa. Aliona aibu, na alitumaini sana. Akatembea.

Maporomoko.

"Mossie!" aliita. "Mossie!"

"Nipo hapa, Daktari," Mossie alijibu, karibu sana, nyuma tu ya miti. Dympna akakimbilia sauti. Hapakuwa na mtu. "Nipo hapa," ilisema tena, sasa kutoka ndani ya maji.

Hakuita tena.

Ndipo simu yake ilipolia. Msitu ule haujawahi kushika mtandao.

"Mama." Gráinne alinong'ona, kama watu wanavyonong'ona mbele ya maiti. "Uko wapi? Sorcha ameanguka. Dakika kumi sasa. Haiachi, mama. Ambulensi haijafika."

Dympna alijua maana ya dakika kumi. Alikuwa amewaeleza mamia ya wazazi: ikizidi tano, ni hatari ya kifo.

"Ule utepe," alisema. "Ulifunga wewe?"

"Nani kakwambia?"

"Nimeukata."

Aliisikia pumzi ya binti yake ikikatika. "Urudishe. Mama, nakusihi. Urudishe."

Dympna akamwaga mfuko chini. Akapata utepe, akaufunga. Fundo likalegea, utepe ukaanguka. Akafunga mafundo mawili. Ukaanguka. Akafunga matatu, akavuta kwa meno. Polepole, mbele ya macho yake, fundo lilijifungua. Simu ilikuwa bado wazi nyasini, na ndani yake alisikia kisigino kidogo kikigonga sakafu. Tap. Tap. Tap.

Hapo akaelewa. Mti haupokei kilichokatwa. Kila aliyefika pale alikuja na mzigo wake na nguo yake mwenyewe.

Alichana pindo la blauzi yake. Akalichovya kwenye chemchemi. Akauzunguka mti mara tatu kufuata jua, akiburuta goti, yeye aliyewacheka wazee kwa hilo miaka yote. Akaliweka pindo lake tawini pamoja na utepe wa mtoto.

"Mwacheni," alinong'ona. Hakujua anamwambia nani. "Mwacheni mtoto. Nitabaki mimi."

Akafunga. Fundo likashika.

Kisigino kikanyamaza.

"Ametulia," Gráinne alilia simuni. "Mama, amefumbua macho. Anaomba maji."

Kikohozi kilikatika, jicho likasafika, goti likakunjika. Dympna aliacha mkasi na mfuko pale pale, akavuka daraja. Benchi. Mwaloni. Njia ikapinda, na huyo Mossie juu ya ukuta.

"Umeshamaliza?" alisema. "Chai haijapoa hata." Halafu akamtazama vizuri, akashuka ukutani na kumpa chai yake yote.

Kesho yake Mossie aliingia msituni kufuata mkasi. Anasema vitambaa vyote vilikuwa juu ya mti.

Tangu siku hiyo Sorcha hajaanguka tena. Anayeanguka ni Dympna. Huanguka kanisani, dukani, bustanini, na humeza vile vidonge alivyouza. Hakulalamika hata siku moja. "Nimepata kwa bei nafuu," alituambia, na tuliamini mambo yameishia hapo.

Mwezi wa tisa darasa la Sorcha lilipelekwa kutembea msituni. Siku hiyo Dympna alikuwa ameanguka wakati wa kifungua kinywa, na mchana kutwa alilala kwenye kochi jikoni kwa Gráinne, binti yake kando yake. Saa tisa mtoto akaingia, hata mkoba hajauvua.

"Bibi, mbona leo hukunijibu?"

"Wapi, mpenzi?"

"Kule kwenye maji. Ulikuwa unazunguka tu. Nikakwambia, bibi, kutokea ni huku. Ukanishika mkono ukalia. Mwalimu akaniita."

"Bibi alikuwa hapa siku nzima," Gráinne alisema. Akamvua mtoto sweta, akasita. Mkono mmoja wa sweta ulikuwa umelowa juu ya kiwiko. Alama tano za vidole, wazi kabisa. Dympna aliinuka, akaweka kiganja chake juu ya alama zile. Kilienea sawasawa.

Waliianika sweta juu ya jiko. Asubuhi ilikuwa kavu yote, isipokuwa zile alama tano. Gráinne amenionyesha mwenyewe juzi. Bado ziko majimaji.