Abiria wa Betri ya Pili

Jioni hiyo nilikuwa narudi Buhehe bila abiria. Nilikuwa nimempeleka mwalimu mmoja mjini Busia, na jua lilikuwa limebakiza kidogo tu lizame. Barabara ilikuwa kavu. Mzigo sikuwa nao, hata kilo ya sukari.

Lakini pikipiki ilikuwa inavuta kama imebeba mtu mnene.

Anayeendesha pikipiki ya petroli hawezi kunielewa mara moja. Ya petroli inalalamika. Ukipakia mama wa soko na magunia yake, injini inanguruma mpaka kijiji kizima kinajua. Ya umeme inanyamaza. Uzito wa abiria unausoma kwenye skrini, vile vijiti vya chaji vinavyopungua. Wale vijana wa steji walionicheka kwamba nimenunua redio ya magurudumu mawili, leo ndio wanaokuja kuniuliza. Nawafundisha, ingawa wengine vichwa vyao ni vigumu. Usiichaji ikiwa bado moto. Usiivushe kwenye maji yanayofika kwenye mota. Na chaji ikikaribia kwisha, tafuta mahali ulale, kwa sababu betri ikifa na taa inakufa, na dereva wa lori hana macho ya paka.

Hilo la mwisho sote tulijifunza kupitia kwa Opendi.

Opendi alikuwa mwendeshaji mwenzetu, mtu wa Kisoko, upande wa Tororo. Chaji ilimwishia karibu kabisa na kwake. Akawa anaisukuma pikipiki gizani, bila taa, na lori likamgonga, akafa. Kinachouma ni kwamba alikuwa na betri ya pili. Ilikuwa nyumbani, imejaa, inamngoja. Aliiacha siku hiyo kwa kuwa ni nzito.

Betri hiyo ndiyo niliyoinunua kwa kaka yake.

Najua. Msinitazame hivyo. Kwetu sisi Iteso na kwao Kisoko ni mamoja: vitu vya marehemu havitoki nyumbani mpaka matanga yamalizwe, ndugu wakae, pombe inywewe, na marehemu mwenyewe aambiwe kwa sauti nani anachukua nini. Lakini kaka mtu alikuwa na haraka zake, na mimi nilikuwa na mke mjamzito. Mimba mbili za Acom zilikuwa zimetoka. Ya pili ilitoka njiani, chaji imeisha, mimi nasukuma na yeye analia juu ya kiti. Niliapa jambo hilo halitanikuta tena. Mtu aliyesukuma kilio cha mke wake hangoji matanga ya wengine.

Basi jioni hiyo nikasimamisha pikipiki. Nikageuka.

Hapakuwa na mtu.

Ila vikanyagio vya abiria vilikuwa vimeshushwa. Mimi huvikunja kila abiria anaposhuka, maana sokoni vinagonga watu miguu na matusi yao siyawezi. Nikavikunja. Nikapanda. Nikaenda kidogo tu...

Tak.

Kimoja.

Tak.

Cha pili.

Kwenye pikipiki ya petroli nisingesikia. Kisha ikaja harufu, ya udongo uliochimbwa sasa hivi na mpira ulioungua. Na kitu kikapumua polepole nyuma ya sikio langu, kama mtu aliyechoka kusukuma.

Sikugeuka tena. Niliendesha mpaka nyumbani, shingo imekaza, na Acom aliponiuliza mbona natoka jasho nilimwambia ni joto.

Asubuhi nilikwenda kwa Matayo, fundi aliyeniungia ile betri. Akaifungua, akaipima, akakunja uso.

"Betri imechoka, mzee. Inasema imejaa, na haijajaa. Ndiyo maana hiyo betri nakula chaji haraka."

"Na vikanyagio?"

"Springi. Nitakubadilishia." Akachukua spana. Kisha akainama karibu yangu, akashusha sauti. "Lakini matanga ya mwenyewe yaliisha?"

"Bado."

Akaiweka spana chini.

"Rudisha hiyo kitu."

"Acom akishajifungua."

"Ojulong! Wewe nabeba mtu kwa pikipiki, halafu unamwambia angoje?"

Nikamwambia afunge betri na mdomo pia. Nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali.

Uchungu ulimshika Acom jioni, mawingu yamejaa upande wa Tororo. Nilitazama skrini: betri zote mbili zimejaa. Nikampakia, nikamfunga kwa leso ashikamane nami, tukatoka kuelekea kituo cha afya mjini.

Hatukufika mbali. Kijiti kimoja kikazima. Kingine. Vilikuwa vinakatika kama mtu anayezima mishumaa. Pikipiki ilibeba watu wawili, lakini ilikula chaji ya watu watatu. Na ile harufu ilikuwa hapo tangu tulipotoka getini.

Kwenye kilima mwendo ukapungua. Taa ikafifia.

"Ojulong..." Acom alinong'ona. "Usisimame."

"Sisimami."

"Nakuomba. Safari hii usisimame."

Kilibaki kijiti kimoja, nacho kilikuwa kinapepesa. Nilimsikia akiuma meno mgongoni kwangu. Niliona ile njia ya mwaka jana, blanketi nililomfunika, damu ile. Nikafikiri, kama nitasukuma tena leo, nitakuwa nasukuma maiti mbili.

Ndipo niliposema. Nilisema kwa sauti ndogo ili mke wangu asisikie.

"Opendi. Najua uko hapo. Tufikishe. Ukitufikisha, utapata mahali kwangu. Utakuwa mtu wa nyumba yangu."

Kijiti cha mwisho kikazima. Skrini ikawa nyeusi. Taa ikafa.

Na pikipiki ikaendelea kwenda.

Haikutetemeka, haikutoa hata ule mlio mwembamba wa mota. Ilipanda kilima gizani, ikashuka, ikapita maduka. Mikono yangu ilikuwa juu ya usukani tu, sikuwa nakaza kitu. Ilisimama yenyewe mlangoni pa kituo. Matayo aliniambia baadaye kwamba betri iliyochoka hudanganya pande zote mbili, inaweza kuonyesha sifuri na bado ina akiba. Inawezekana. Nilitamani sana iwe hivyo.

Wauguzi walimteremsha Acom. Akanishika mkono kabla hawajamwingiza ndani.

"Yule mtu mwambie asante."

"Mtu gani?"

"Aliyekaa nyuma yangu. Alinishika kiuno nisianguke." Akafumba macho, uchungu ukapita. "Lakini mikono yake... baridi, Ojulong."

Alijifungua mtoto wa kiume, mzima, akalia kwa nguvu. Na mimi nililia, sioni haya kusema. Nilicheza pale nje mpaka mlinzi akaniambia nitulie, nikamkumbatia yeye pia.

Kisha mtoto akakataa kunyonya.

Walimpima, hawakuona ugonjwa. Ziwa la mama lilikuwa limejaa. Walimdondoshea maziwa kwa kijiko, yakatoka pembeni ya mdomo. Siku zilipita na ngozi yake ikaanza kulegea mikononi. Alikuwa anatazama mlango tu. Wakaturuhusu tumpeleke nyumbani tujaribu huko, na namna muuguzi alivyonitazama ilinikata maini.

Mama yangu alikuwa anatungoja na kibakuli cha ajon, ile pombe yetu ya nafaka ya wimbi. Kwetu mtoto hapewi jina. Analichukua mwenyewe. Bibi anachovya kidole kwenye ajon, anamtia mtoto mdomoni, anataja wafu wa ukoo mmoja mmoja. Jina ambalo mtoto atalinyonya, hilo ndilo lake.

"Emoit," mama alisema.

Mdomo ulifungwa.

"Ikiring. Eriku. Okwi."

Hakuna.

Alitaja wa kwetu wote. Akataja wa kwao Acom. Akataja hata yule mzee mlevi aliyezama mtoni, ambaye hakuna anayemtaka. Mtoto alikuwa anapumua kwa shida sasa, kifua kinaingia ndani. Mama akakitoa kidole, akanitazama.

"Kuna mtu hamjanitajia. Kuna mtu anangoja kuitwa."

Acom naye akanitazama. Nilikuwa na chaguo gani? Mtoto alikuwa anakufa mbele yetu.

"Opendi," nilisema.

Alikivuta kidole kwa nguvu mpaka mama akaguna. Acom alimnyakua, akamweka kwenye ziwa, na mtoto akanyonya, akanyonya, hadi maziwa yakamtiririka shingoni. Acom alicheka na kulia pamoja. Mama hakucheka. Alifuta kidole chake kwenye gauni, mara nyingi, kisha akauliza taratibu, "Huyo ni wa ukoo gani?"

Nikainuka, nikaenda kuifungua ile betri.

Betri niliirudisha Kisoko. Nilimkabidhi yule kaka mtu shambani kwake, sikufika kwenye nyumba ya marehemu, sikumwambia mtu habari za mtoto. Tangu hapo pikipiki ni nyepesi. Vikanyagio nikivikunja vinakaa. Vijiti vya chaji vinadumu kuliko zamani. Nyuma yangu hakuna mtu, alishashuka.

Alikuja mwanamke mwanzoni mwa wiki iliyofuata, jua likizama, vumbi limempanda mpaka magotini. Amenyoa kichwa, amevaa nguo ya matanga. Alisema anaitwa Abbo, mjane wa Opendi. Hakuna aliyemwelekeza kwetu. Hakuomba maji, hakuomba kiti.

"Nimekuja kumwona," alisema.

Acom alimpa mtoto bila kujua kwa nini anampa. Mtoto wetu hakuwahi kugeuza kichwa kwa sauti ya mtu, si yangu, si ya mama yake. Aligeuza kwa yule mwanamke. Akatulia. Akamtazama kama mtu mzima anavyomtazama mtu.

"Mume wangu," Abbo alimnong'oneza. "Ulisema unarudi kabla chakula hakijapoa."

Mtoto akatoa sauti ndogo.

Abbo aliondoka gizani, na mtoto alilia akiutazama mlango mpaka usingizi ukamchukua. Mama alikwenda kulala bila kutuaga. Nilimfunika Acom blanketi nikidhani amelala. Hakuwa amelala. Alikuwa anamwangalia yule mtoto kwa mbali kidogo, mikono amejikumbatia mwenyewe.

"Ojulong."

"Naam."

"Huyu ni Opendi. Sawa." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Yule niliyembeba mimi tumboni... yeye amekwenda wapi?"