Rasimu Isiyotumwa

Bega alitandaza karatasi ya kukatia nguo juu ya meza, akachora boksi kubwa kwa chaki ya cherehani.

"Ghala," alisema. Akavuta mstari. "Geti." Akachora boksi dogo nje ya mstari. "Lori letu."

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la kushonea. Marobota ya vitambaa mpaka darini, dirisha moja lenye nondo, mlango mmoja wa chuma. Upande wa pili wa mlango cherehani ilinguruma. Mke wa Bega alikuwa anashona sare za shule, na kelele ile ilifaa sana. Mpita njia asingejua kwamba nyuma yake kuna watu watatu wanapanga wizi.

Bega ndiye aliyekuwa mkuu. Jina lilitokana na bega la kushoto lililoshuka, kumbukumbu ya ukuta mmoja alioruka vibaya. Breki alikuwa dereva, mtu wa kutafuna njiti na kunyamaza. Wa tatu waliyemwita Kidole hakuwahi kuruka ukuta wowote. Yeye alikuwa mtu wa kompyuta. Zamani alizunguka maofisini kuunganisha barua pepe za watu, mpaka mwajiri wake alipofunga shughuli akabaki juani. Mke wa Bega, yule wa cherehani, alikuwa dada yake, tumbo moja.

"Mzigo ni betri za sola," Bega alisema. "Ni za kampuni moja ya kuagiza. Meneja wao akitaka mzigo utoke, hapigi simu wala haendi. Anatuma barua pepe. Mkuu wa ghala anaichapa, anaigonga muhuri, geti linafunguka. Siku zote ni hivyo."

"Kwa hiyo tunajifanya meneja," Kidole alisema.

"Wewe ndiye meneja. Paswedi hii hapa." Alimsogezea kikaratasi. "Mfagizi wa ofisini kwao aliikuta imebandikwa chini ya kibodi."

"Basi naingia kwenye tovuti yao, natuma, natoka. Dakika moja."

"Hapana." Bega alisema haraka mno. "Ukipita kwenye tovuti, meneja anapata taarifa kwenye simu. Tumia programu ya barua pepe, kwenye laptopu yako. Na weka ile ya kushusha inboksi peke yake. Sitaki mambo ya kuchokonoa mafolda ya watu."

Kidole alicheka. "Shemeji, umesomea wapi hayo?"

"Nimeulizauliza."

Breki alitema njiti. "Na sisi tukiwa getini, yeye yuko wapi?"

"Humu humu. Mke wangu atamfungia kwa nje. Mteja akiingia dukani aone kufuli, asiulize."

Hakuna aliyepinga. Kidole alikuwa amelala kwenye chumba kile tangu alipokosa kazi. Alikuwa amekula sahani moja na watoto wa Bega. Angempingaje?

*

Saa tatu asubuhi.

Lori liliondoka. Bega alimgonga Kidole begani. "Nikikupigia, tuma. Ukishatuma, kaa. Usitoke mpaka nirudi mwenyewe."

Dada aliingia na chai, akaiweka karibu na laptopu. Futi ya kupimia ilikuwa shingoni kama kawaida. Hakumtazama.

"Unaumwa, dada?"

"Usingizi tu."

Alitoka. Ufunguo ukazunguka mara mbili.

Kidole aliwasha intaneti ya simu, akafungua programu. Anwani ya meneja. Paswedi. Akachagua POP, ile ya kushusha inboksi tu, kama alivyoagizwa. Akabonyeza.

Imeshindikana.

Alijaribu tena. Seva ya kampuni ile, kompyuta kuu inayotunza barua zao mbali huko ilikokuwa, haikupokea mtu kwa njia hiyo. Mlango wenyewe ulikuwa umezibwa. Iliyobaki ilikuwa IMAP, ambayo haishushi barua ikaondoka nazo. Inaziacha zilipo na kukuonyesha kila kitu, folda kwa folda, kama mwenye sanduku anavyokiona. Na mwenyewe akigusa kitu huko aliko, na wewe unaona.

Hakuwa na ujanja mwingine. Alibadilisha, akabonyeza.

Mafolda yakashuka moja baada ya jingine. Inboksi. Zilizotumwa. Rasimu. Takataka. Hakuyafungua. Kichwa chake kilikuwa kwenye kutuma, maana kupokea na kutuma ni njia mbili tofauti, na ya kutuma ndiyo humtesa fundi. Alijiandikia barua ya majaribio, akabonyeza.

Ikakwama.

Simu ikaita. Bega. "Tumefika. Tuma."

"Bado, shemeji. Haitoki."

"Haitoki vipi? Mlinzi anatuangalia hapa!"

"Nipe muda."

Alikata. Alikagua kimoja kimoja. Jina la seva ya kutuma, sawa. Poti, ule mlango wa kupitishia barua, ishirini na tano. Akajipiga paji la uso. Mitandao ya simu huifunga poti hiyo kwa sababu ya matapeli. Akafuta, akaandika 587. Akawasha usimbaji, ule wa kuficha maandishi njiani. Seva ikajibu, ikamkataa: haimjui. Akashuka chini ya ukurasa, akakuta kiboksi kitupu: seva inahitaji jina na paswedi hata kwa kutuma. Akakitia tiki.

Barua ya majaribio ikatoka kama risasi.

Aliandika kwa lugha ya meneja, kavu, isiyo na salamu: toeni mzigo wote wa betri, lori namba fulani, dereva fulani. Akatuma. Akampigia Bega.

"Imeenda."

"Safi, shemeji yangu. Safi sana. Sasa kaa hapo, usibanduke."

*

Saa nne na ushee.

Majibu ya mkuu wa ghala yaliingia: sawa, wanaanza kupakia. Kidole aliyafuta ili meneja asiyaone. Akanywa chai. Ilikuwa imepoa. Macho yake yakaangukia folda ya Rasimu, zile barua za kuandika nusu na kuziacha bila kutuma. Pembeni yake ilitokea namba moja. Dakika chache nyuma haikuwapo.

Meneja alikuwa anaandika kitu. Labda ameshtuka. Kidole alifungua.

Haikuwa na anwani. Haikuwa na kichwa. Mistari tu.

*Wanapakia. Lori likitoka nakuandikia hapa. Wewe piga polisi hapo hapo.*

Alisoma, hakuelewa. Barua ikatoweka mbele ya macho yake, ikarudi ikiwa imerefuka.

*Bima watataka mtu wa kukamatwa. Una uhakika na kijana?*

Ikatoweka. Ikarudi.

*Yuko chumba cha nyuma, duka la kushonea. Kompyuta ina kila kitu, nilimlazimisha atumie programu. Mke wangu ana ufunguo. Hatoki.*

Kidole alisogeza kiti nyuma.

Hakukuwa na mfagizi. Hakukuwa na kikaratasi chini ya kibodi. Paswedi ilitoka kwa meneja mwenyewe. Bega na meneja walikuwa wanaongea ndani ya barua moja isiyotumwa kamwe, ili kusibaki alama ya simu wala ya ujumbe. Meneja angelipwa na bima, Bega angeuza betri. Na wezi wa mtandao, wale wanaotangazwa kwenye habari, wangekuwa mtu mmoja aliyekutwa na laptopu.

Yeye.

Alisoma tena ule mstari wa mwisho. Shemeji alimwumiza. Lakini neno lililomchoma moyo lilikuwa lile la ufunguo.

Alisimama, akagonga mlango wa chuma.

"Dada."

Cherehani ikanyamaza.

"Dada, fungua. Nataka kwenda msalani."

"Vumilia kidogo."

"Fungua, dada."

Nyayo zikaja, zikasimama nyuma tu ya mlango. Alimsikia anavyopumua.

"Unajua polisi wanakuja?" Kidole aliuliza.

Aliusikia ufunguo ukichezewa.

"Nakuuliza, unajua?"

"Alisema hutakaa sana," dada alisema. Sauti ilikuwa chini kabisa. "Alisema ni kosa lako la kwanza, watakuachia mapema. Atakutafutia wakili. Ameniapia."

"Na wewe ukakubali."

"Ningefanyaje, mdogo wangu? Nina watoto watatu. Akifungwa yeye, nitakwenda wapi nao? Wewe huna mtu anayekutegemea."

Kidole aliegemeza kichwa kwenye chuma. Mama yao alipofariki, mwanamke huyu aliacha shule akakaa kwenye cherehani ya jirani ili yeye asome. Alimwogesha. Alimbeba mgongoni akiwa na homa mpaka zahanati, akilia njia nzima. Mtu wa mwisho duniani ambaye angemdhania.

"Fungua tuondoke wote," alisema. "Wewe, mimi na watoto. Sasa hivi. Sina kinyongo, dada. Wallahi sina. Fungua tu."

Alisubiri. Alisikia ufunguo ukigusa chuma. Ukagusa, ukakaa hapo, tundu likakwaruzwa kidogo.

Kisha ukaondoka.

"Nisamehe," dada alisema. Nyayo zikarudi zilikotoka. Cherehani ikaanza tena.

*

Saa tano kasoro.

Kidole alirudi kwenye kiti. Hakulia. Alivuta laptopu karibu, akaandika kwa jina la meneja, kwenda kwa mkuu wa ghala:

*Barua ya asubuhi siyo yangu. Fungeni geti. Lori lisitoke. Waiteni polisi sasa.*

Kidole chake kilisimama juu ya kitufe. Watoto watatu. Mdogo wao alikuwa anamwita mjomba kompyuta. Akasikiliza cherehani. Ilikuwa inashona mfululizo, bila kukosea, kama siku nyingine yoyote.

Akatuma.

Ilipotoka tu, alizima intaneti. Alijua watakachofanya wakishtuka: wataifuta ile rasimu kwenye seva, na programu yake iliyounganishwa ingeifuta na yeye. Sasa haikuwa imeunganishwa na chochote. Mistari ile ilibaki kwenye kioo, haifutiki tena kwa mkono wa mtu wa mbali.

Akasubiri.

Simu ya dada iliita dukani. Cherehani ikakatika katikati ya mshono.

"Haloo? ... Geti gani? ... Mbona unapiga kelele, mume wangu, wamekuja akina nani?" Halafu mlio wa kitu kuanguka. "Mume wangu? Baba watoto?"

Ufunguo ulizunguka. Mlango ukafunguka kwa nguvu, ukagonga ukuta. Dada alisimama pale, simu mkononi, uso umemsawijika.

"Umefanya nini?"

"Wewe umefanya nini?"

"Ni baba wa watoto wangu!"

"Na mimi ni nani wako?"

Dada alinyanyua mkono ampige. Mkono ulibaki hewani, ukashuka wenyewe. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake, na barabara ilionekana mpaka ng'ambo. Kidole hakusogea.

Walikuwa bado pale dakika kadhaa baadaye, matairi ya gari yalipolia nje. Huko ghalani, Bega hakuchelewa kulitaja duka na kijana aliyemo. Pingu zilikuwa hazijapata joto mkononi mwake. Askari wanne waliingia wakipita katikati ya sare za shule zilizoning'inia. Mmoja alimgeuza Kidole ukutani. Mwingine, mwenye nyota mabegani, aliinama kwenye laptopu akasoma polepole, midomo ikicheza. Aliposimama, alikuwa mtu mwingine.

"Hii isiguswe," alisema. "Na meneja naye nendeni mkamlete."

Kisha akamgeukia dada.

"Mama, unamfahamu huyu?"

Dada alimtazama mdogo wake machoni kwa mara ya kwanza siku ile, akatazama na mkoba wa shule uliokuwa sakafuni karibu na cherehani.

"Ni mpangaji," alisema. "Alipanga chumba cha nyuma. Sijui shughuli zake."

Askari aliandika. Akamrudia Kidole.

"Na wewe? Huyu mama mnashirikiana? Ni ndugu yako?"

Pingu zilikuwa zinambana. Neno moja tu lingetosha kumtia dada naye pingu. Ufunguo bado ulikuwa mkononi mwa dada, ameukamata mpaka vifundo vimekuwa vyeupe.

"Ni mwenye chumba," Kidole alisema. "Mimi sina ndugu."

Wakamtoa.